Chapisha Kama Ilivyo

Kwa niaba ya Idara ya Ukuzaji na Uratibu wa Waandishi Watarajiwa, nami nikiwa Mratibu Msaidizi Mwandamizi wake, ninayo heshima kubwa kutangaza kwamba tatizo la waandishi wa hadithi katika nchi yetu limekwisha.

Zamani mtu akitaka kuandika hadithi alikuwa anakaa tu chini na kuandika. Vurugu tupu. Hakuna aliyejua nani anaandika, anaandikia wapi, wala kwa idhini ya nani. Wengine walithubutu hata kusomeana vibarazani bila kuwa na mwenyekiti.

Idara iliundwa kuondoa aibu hiyo. Ahadi zetu zilikuwa mbili, nazo zilibandikwa mlangoni kwa herufi za buluu: KILA MWANDISHI ATAPEWA JUMUIYA, na KILA MWAKA KITABU KIMOJA KITACHAPWA. Wapo waliouliza kwa nini kimoja. Wataalamu wetu walifanya upembuzi yakinifu wa miezi minane na kubaini kwamba viwili vingeleta ushindani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Mwombaji analeta mswada halisi, maana nakala inaweza kughushiwa. Anajaza fomu ya kurasa kumi na nne. Mwisho anaambatisha barua ya mdhamini, ambaye sharti awe mwandishi aliyekwisha kuchapishwa na Idara. Kwa kuwa Idara ilikuwa haijachapisha mtu, wadhamini hawakuwepo. Hilo halikutusumbua. Tulipokea miswada kwa masharti, tukaweka benchi refu ukumbini, na waombaji wakaelekezwa kumsubiri mdhamini pale.

Wa kwanza kuja na mswada uliokamilika alikuwa mwanamke mmoja fundi cherehani, mwenye mkanda wa kupimia bado shingoni.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nimeleta hadithi yangu." Akaweka mezani madaftari kumi na moja, yamefungwa kwa pindo la kanga.

"Nakala nyingine iko wapi?"

"Hakuna nyingine. Nimeandika miaka sita. Mteja akitoka naandika, mteja akiingia naficha chini ya kitambaa."

"Vizuri sana. Itatupunguzia kazi ya kulinganisha."

Niliyavuta. Hakuyaachia. Nikavuta tena kidogo, kwa mamlaka niliyopewa.

"Bosi, mama yangu macho yanamwacha," akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwenye magazeti tuliyokuwa tunakatia vipimo vya magauni. Anataka akishike kitabu chenye jina langu, alisome mwenyewe kabla hajapofuka. Itachukua muda gani?"

"Mchakato hauna muda, dada. Mchakato una hatua."

Akaachia. Nikampa risiti, nikamwonyesha benchi.

Madaftari yalikwenda masjala. Mama Masjala, ambaye amefanya kazi hiyo miaka thelathini bila kupoteza karatasi, aling'oa pini zote, akatoboa kila ukurasa matundu mawili, akauandika namba kwa wino mwekundu, akaufunga kwa uzi ndani ya faili la kijani. Karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki. Kuitoa ni kosa la kinidhamu, na kuna mtu alishawahi kuhamishiwa bohari kwa kosa hilo hilo.

Hapo faili likaanza kuzunguka. Kwa wasiojua kazi za ofisi, dokezo ni maelezo mafupi ambayo kila ofisa anayepitiwa na faili lazima ayaandike, ili ijulikane kwamba limempitia. Kusoma faili lote si lazima. Kuandika ni lazima. Na kwa mwongozo wetu dokezo linafungwa mara tu baada ya ukurasa linaouhusu, lisije likapotea njia.

Hadithi ilihusu dada mtu anayeshona nguo ya arusi ya mdogo wake. Nakiri ilikuwa na mapungufu mengi. Niliandika: "Mhusika mkuu anaitwa 'dada' tu. Hana namba ya kitambulisho." Ofisa Rasilimali akaongeza: "Ukurasa wa 41 mama mkwe amefariki. Cheti cha kifo hakijaambatishwa." Mkurugenzi, mtu wa maamuzi ya haraka, akaelekeza: "Aendelee kuwa hai hadi kitakapopatikana." Ukurasa wa 63 bwana arusi alidanganya, Mwanasheria wetu akashauri aitwe kujieleza. Niliandika barua tatu, zote zikarudi. Ukurasa wa 70 mvua ilinyesha bila uthibitisho wa wataalamu wa hali ya hewa, na hapo faili lilikaa wiki tano.

Muda wote huo fundi alikuja kila Jumanne na Alhamisi.

"Limefika wapi, bosi?"

"Liko kwenye mvua."

"Naomba basi nikaone daftari la saba tu. Kuna sentensi nataka kuirekebisha."

"Haiwezekani. Wewe ni mwombaji. Ukiigusa utakuwa na maslahi."

Alirudi kwenye benchi. Wakati huo benchi lilikuwa limejaa. Alikuwepo muuguzi mstaafu mwenye hadithi za wodini, kinyozi aliyeandika habari za watu anaowanyoa, na wengine wanne watano ambao sikuwatambua kwa kuwa fomu zao zilikuwa na doa. Siku moja muuguzi alimuuliza fundi hadithi yake inahusu nini. Fundi akasema madaftari yamo ndani ila kichwani yapo. Akaanza kuwasimulia kwa moyo, ukurasa kwa ukurasa.

Nilisimama nyuma ya mlango kwa madhumuni ya ufuatiliaji na tathmini. Nilifuatilia siku tano. Alipofika kwenye kipimo cha nguo ya arusi nilisahau kwamba nimeshika chai, ikanimwagikia. Naandika hilo kwa sababu liko kwenye taarifa ya ajali za kazini.

Ikawa kawaida. Wenzake miswada yao ilikuwa haijakamilika, kwa hiyo walikuwa nayo bado mkononi. Mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, halafu wanasema.

"Huyo mgonjwa wako anakufa kama kwenye sinema," muuguzi alimwambia kinyozi. "Mtu hafi huku akitoa hotuba. Anaomba maji, basi."

"Mama, hotuba ile nimeiandika mwezi mzima!"

"Ndiyo maana ni ndefu. Kata."

Kinyozi alikasirika, akanuna siku mbili, akakata. Ikawa nzuri. Walicheka, wakasahihishana, mmoja akalia, na hakuna aliyeandika kumbukumbu za kikao.

Mkurugenzi alipopata habari alifurahi sana, akaniagiza niingize kwenye ripoti ya robo mwaka: "Jumuiya ya waandishi: utekelezaji asilimia mia." Ripoti ilipokwisha kutumwa aliniita tena. Jumuiya ile, alisema, ilikuwa haijasajiliwa, na vicheko vyake vilikuwa vinapenya hadi chumba cha mikutano. Akaamuru benchi liondolewe. Niliwatangazia wote kwa sauti ya huruma. Wakatazamana, wakachukua madaftari yao, wakaenda kuendelea kwenye kibanda cha fundi, katikati ya mashine mbili na rundo la vitambaa. Ukumbi ukawa na utulivu unaostahili ofisi. Mimi sikuupenda, ingawa sikuandika dokezo juu ya hilo.

Mwaka ukakaribia kwisha. Kitabu kimoja kilitakiwa kuchapwa, na faili lililokuwa limepitia hatua zote lilikuwa moja tu. Waziri mwenyewe alikubali kuwa mgeni rasmi wa uzinduzi. Mkurugenzi alilichukua faili, akakaa nalo chumbani kwake dakika ishirini, likarudi kwangu na dokezo namba hamsini na nane. Nalinakili lote:

"Jina la mwombaji liondolewe kwenye jalada, liwekwe langu, kwa kuwa bila uongozi wangu hadithi hii isingefika hapa. Mwombaji ashukuriwe ndani kwa herufi ndogo. Dokezo hili lisisomwe na mtu yeyote."

Nililisoma mara mbili. Nilijihisi kama mtu aliyeona mkono wa mwenzake kwenye mfuko wa mwingine. Lakini mimi ni mtumishi. Nikaligonga muhuri wa SIRI, nikampa Mama Masjala, naye akalitoboa matundu mawili, akaliandika namba kwa wino mwekundu na kulifunga mahali pake, mwisho wa faili.

Kisha faili lote likaenda kwa Mpiga Chapa, na juu yake maelekezo yangu ya maneno matatu: "Chapisha kama ilivyo." Jalada nililiagiza kwa karatasi ya pembeni, kama nilivyoamriwa.

Mpiga Chapa ni mzee mmoja mtiifu kupindukia. Mwaka uliotangulia aliruka ukurasa mtupu katika ripoti yetu, Mkurugenzi akampa onyo la maandishi: kazi yake si kuchagua, kazi yake ni kuchapa. Tangu siku hiyo hachagui. Alipanga herufi za kilichokuwemo ndani ya faili, kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna aliyekagua kabla ya uzinduzi, maana kukagua kungehitaji faili, na faili lilikuwa kwake.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulipambwa vitambaa vya rangi tatu. Fundi alikuja na mama yake, kikongwe mwembamba aliyekuwa anashika migongo ya viti akitafuta njia. Wakakaa safu ya nyuma pamoja na muuguzi, kinyozi na wale wenye fomu za madoa. Fundi alikuwa amevaa gauni jipya alilojishonea.

Mshereheshaji akainua kitabu. Jalada lilikuwa zuri, la kijani, na jina la Mkurugenzi lilisomeka kutoka popote ulipokuwa umekaa.

"Limeandikwa jina lako?" nilimsikia mama mtu akiuliza. "Nisomee."

Muuguzi akamshika fundi mkono. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na meza kuu na rejista ya waandishi waliosajiliwa mapajani, na nikatamani mtu aniite nje kwa jambo la dharura. Hakuna aliyeniita.

Mkurugenzi akahutubia. Alisema kwamba uandishi ni kazi ya upweke, na kwamba yeye ameubeba upweke huo kwa niaba ya taifa. Alipigiwa makofi. Kisha akamkabidhi Waziri nakala ya kwanza. Wageni rasmi wengi hukishika kitabu, wakapigwa picha nacho, wakampa msaidizi. Waziri huyu alikifungua. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, kwenye kipaza sauti:

"'Nilimpima mdogo wangu kiuno mara tatu, na mara zote tatu mkanda ulikataa kumwonea aibu.'" Akatabasamu. "Mkurugenzi, nzuri hii." Akafunua ukurasa. "'Dokezo la kumi na mbili. Mkanda huu una hitilafu. Je, umehakikiwa na mamlaka husika? Mratibu Msaidizi Mwandamizi. Dokezo la kumi na tatu. Bibi arusi apimwe upya mbele ya mashahidi wawili. Mkurugenzi.'"

Mtu wa katikati akaguna, jirani yake akashindwa kujizuia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waziri alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Akaenda kwa mama mkwe aliyeagizwa aendelee kuwa hai. Akaenda kwenye mvua. Kwenye barua zangu tatu kwa bwana arusi watu walipiga meza. Sikuelewa wanachekea nini, kwa kuwa taratibu zote zilikuwa zimefuatwa. Mkurugenzi naye alikuwa anacheka, lakini kwa meno tu.

"Hebu tuone mwisho unaishaje," akasema Waziri, na kabla Mkurugenzi hajanyanyuka kwenye kiti alikuwa ameshafika. "'Dokezo la hamsini na nane. Siri. Jina la mwombaji liondolewe kwenye jalada, liwekwe langu...'"

Alilisoma lote, pamoja na ile sentensi inayoagiza lisisomwe. Hakuna aliyecheka.

"Mwombaji huyu naye ni wa kubuni?" akauliza Waziri.

"Mimi hapa," ikasema sauti kutoka nyuma.

Fundi alikuwa amesimama. Waziri akamtazama, akarudi kwenye ukurasa ule wa kipimo, akaruka madokezo, akaweka kidole hadithi inapoendelea. "Baada ya mkanda kukataa kumwonea aibu, kinafuata nini?"

Fundi akafumba macho. "'Nikaongeza inchi mbili kimyakimya. Mdogo wangu akaniona kwenye kioo. Hakuna aliyesema neno. Tangu siku ile tukawa dada kweli.'"

Kidole cha Waziri kilitembea juu ya mistari hadi kikafika mwisho.

"Ni neno kwa neno," akasema. "Sasa, Mkurugenzi, haya ya katikati ni ya nani?"

Hapa inabidi nieleze ugumu wa nafasi aliyokuwa nayo kiongozi wangu. Kisheria, dokezo ni kauli ya kweli ya Serikali. Akisema madokezo ni ya kweli, basi na la hamsini na nane ni la kweli, na wizi ni wizi hata ukiwa na muhuri. Njia ilibaki moja. Alikunywa maji glasi nzima.

"Ni ya kubuni, Mheshimiwa. Nilijaribu kuchekesha kidogo."

"Yote?"

"Yote."

"Hata la hamsini na nane?"

"Hasa hilo."

"Basi kumbe na wewe ni mwandishi wa hadithi."

"Kwa kiasi, Mheshimiwa."

"Umesajiliwa?"

Waziri akanigeukia mimi. Nilifungua rejista, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikapitisha kidole herufi kwa herufi, polepole, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya utumishi niliifurahia kazi hiyo.

"Hayumo, Mheshimiwa."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kuchapisha bila usajili ni kosa, na aliyeitunga sheria hiyo ni Mkurugenzi mwenyewe, kifungu cha tatu. Waziri alimpa siku sitini za kujisajili kama mwandishi mtarajiwa, na akamsimamisha kazi hadi atakapopata cheti. Nakala zote zikarudi kwa Mpiga Chapa kubadilishwa jalada. Aliuliza kwa maandishi kama madokezo yaondolewe. Swali likapelekwa kwa fundi.

"Yaacheni," akasema. "Watu wajue kimepitia wapi."

Nimearifiwa kwamba kitabu kilipotoka mama yake alikisogeza hadi puani, akalisoma jina mara mbili, silabi kwa silabi, akasema herufi zingeweza kuwa kubwa zaidi kidogo. Nimeyapokea kama maoni ya mdau. Kitabu kinasomwa kila mahali. Mtaani kwangu watu wananisalimia kwa kuniuliza kama bwana arusi amejibu barua.

Kuhusu Mkurugenzi, alijaza kurasa zote kumi na nne. Kikabaki kipengele cha mdhamini: mwandishi aliyekwisha kuchapishwa na Idara. Nchi nzima alikuwepo mmoja.

Tulikwenda pamoja, yeye kama mwombaji na mimi kama mbeba faili. Kibanda kilikuwa kimejaa. Muuguzi alikuwa juu ya kigoda, kinyozi kwenye ngazi ya mlango, na fundi alikuwa anabadilisha zipu ya suruali. Mkurugenzi akatoa salamu, akanyoosha fomu.

"Ni sahihi tu, dada yangu. Hapa chini. Haichukui hata dakika."

Fundi hakuipokea. "Siwezi kumdhamini mtu ambaye sijamsikia, kaka. Umeandika nini?"

"Ninayo hadithi fupi."

"Kaa. Soma."

Alitafuta kiti, hakuna. Akakaa juu ya furushi la vitambaa, akatoa karatasi zilizopigwa chapa vizuri, akasoma. Ilikuwa habari ya mkurugenzi mmoja mahiri, mpole, mwenye maono, aliyependwa na watumishi wote, akasalitiwa na mpiga chapa. Walimsikiliza bila kumkatiza, kama wanavyomsikiliza kila mtu. Hakuna aliyecheka, hata pale ambapo mimi ilinibidi nikohoe. Alipomaliza, muuguzi akauliza kwa upole:

"Baba, huyu mkurugenzi wako, mbona hana kosa hata moja?"

"Ni hadithi ya kweli," akasema.

Hapo akakumbuka alichomwambia Waziri, akajirekebisha. "Ni ya kubuni."

"Ya kweli au ya kubuni, hajakamilika," akasema muuguzi. "Mtu hayuko hivyo. Mwandike siku aliyoogopa."

"Na ukate hotuba," akasema kinyozi. "Inauma, lakini kata."

"Nenda ukaandike tena," akasema fundi, akarudi kwenye zipu yake. "Jumanne tupo, Alhamisi tupo."

Mkurugenzi alinigeukia akiwa bado ameshika fomu, kana kwamba mimi ningejua rufaa inapelekwa wapi. Sikumtazama. Nilikuwa natoa daftari langu kwenye mfuko wa koti, maana fundi alikuwa ameshauliza nani anafuata, na nilikuwa nimenyoosha mkono.